Shindano la Picha za Wanyama Dar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wadau, kila tukifungua msimu mpya maswali yanakuja yaleyale, kwahiyo tumeyaweka hapa yote pamoja. Soma kabla hujatuma picha. Kama una haraka sana basi angalau soma lile swali la kumsumbua mnyama, manake hapo ndo picha nyingi nzuri zinatolewa na mwenyewe anabaki haelewi kwanini.

Nani anaruhusiwa kushiriki?

Yeyote ambaye haishi kwa kupiga picha. Dereva boda, nesi, mwanafunzi, mama lishe, mhasibu, wote karibuni. Kama wikendi unapiga harusi na unalipwa, we tunakuhesabu ni wa kazi hata kama hujawahi kupiga picha ya kuku, ila tunakuomba uje utufundishe, watu wana njaa ya kujua. Walio chini ya miaka 18 fomu ijazwe na mzazi au mlezi.

Nina simu tu, tena ya kawaida. Si nitapoteza muda kushindana na wenye malenzi marefu?

Hapana kabisa. Simu ina udhaifu mmoja mkubwa, haifiki mbali, na ukizumu kwa vidole picha inakuwa mavumbi mavumbi. Basi usizumu. Chagua mnyama ambaye anakubali we uwe karibu: paka, mbuzi, kuku, punda, mjusi ukutani, konokono, kaa, kipepeo. Afu shuka chini. Hili tunalirudia kila msimu, watu wengi wanapiga picha wamesimama, mnyama anaonekana mgongo na masikio tu, wakati ukichuchumaa au ukalala kifudifudi macho yenu yakawa sawa, picha nyingine kabisa.

Msimu uliopita majaji walibishana muda mrefu juu ya picha ya paka wa soko la samaki la Feri iliyopigwa na simu ya kawaida. Paka sikio la kushoto limechanika, kakaa chini ya meza ya muuza pweza, na kwenye sharubu kuna gamba moja la samaki limenasa linang'aa kama kioo. Aliyepiga alikuwa amekaa kwenye sakafu iliyolowa, unaona kabisa kwenye picha, miguu ya wateja iko juu ya kichwa cha paka. Hakuna lenzi ya milioni ngapi ambayo ingemsaidia mtu aliyegoma kukaa chini pale.

Futa kioo cha kamera kabla ya kupiga. Mfukoni kuna jasho, baharini kuna chumvi, kioo kinakuwa na ukungu wa mafuta afu unailaumu simu.

Ndege na wadudu nao wanahesabika?

Ndio. Ndege, wadudu, samaki, nyoka, vyura, jongoo, chochote chenye uhai ambacho sio mmea wala binadamu. Binadamu akiwemo pembeni sio shida, ila kama sura yake inaonekana vizuri muombe ruhusa, na kama ni mtoto ruhusa ni ya mzazi wake.

Je nikituma simba wa Mikumi sitampita mtu aliyepiga paka wa Manzese?

Swali zuri na jibu letu litawaudhi baadhi ya watu. Picha za hifadhini tunazipokea kwenye kundi lake, Mikumi, Saadani, Nyerere, popote. Lakini hili shindano lilianzishwa kwa ajili ya wanyama tunaoishi nao hapa Dar na hapo ndo zawadi kubwa ilipo. Simba wa Mikumi kapigwa picha na maelfu ya watu kutoka kwenye gari ileile, barabara ileile. Wale tumbili wa Mlimani pale chuo, yangeyange wanaofuata ng'ombe kule Pugu, punda anayepumzika kivulini Kigamboni mchana wa jua kali, hao hakuna anayewaangalia mara mbili, na sisi tunaamini wanastahili kuangaliwa.

Na jiji hili na pembezoni mwake kuna vitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, pamoja na Pande kule Mabwepande, ina komba wadogo wa aina ya Rondo, kanyama ambako duniani kote kanapatikana kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania tu. Yaani kako hapa hapa, mwendo wa daladala na mguu kidogo, na wakazi wengi wa Dar hawajawahi hata kukasikia. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na Mbudya kuna wale kaa wakubwa wa minazi wanaopanda miti, mkubwa wao anaweza kufika kilo 4. Mdomo wa mto Msimbazi pale daraja la Salenda, maji yakitoka, unakuta ndege wa tope wamejipanga, na kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 4 wengine ni wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Huhitaji kwenda mbali.

Kwa wanaoenda Mikumi, ile barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, tafadhali usisimamishe gari ukashuka kupiga tembo. Picha ambayo mpigaji ameshuka barabarani tunaitoa.

Kunguru nao? Si ni wachafu na ni wengi mno?

Kunguru karibu sana. Tunajua watu hawawapendi na sababu zipo. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, wakavuka bara, wakazaana, na wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo wa kwetu. Hilo ni tatizo la kweli na serikali imewahi kufanya kampeni za kuwapunguza. Lakini ukitaka kujifunza kupiga picha ya mnyama mwenye akili hapa mjini huna mwalimu bora. Kuna mtu alituletea kunguru wa Kariakoo ameshika kipande cha chapati kikavu, anakichovya kwenye maji ya mtaro, anakigeuza upande, anachovya tena, mpaka kikalainika ndo akala. Picha 4 mfululizo. Mtu akishaziona zile hawezi tena kusema ni ndege tu.

Ukipata yule mwenye kifua cheupe tuambie kwenye maelezo, huyo ndo wa asili yetu na mjini amekuwa adimu.

Bundi je? Nyumbani wameniambia nisilete picha ya uchuro.

Tunaheshimu wazee wa kila mtu na hatutaki ugombane na nyumbani. Kwa upande wetu bundi anapokelewa, kinyonga anapokelewa, popo anapokelewa. Bundi mweupe anayekaa kwenye mapaa na magofu anakula panya usiku kucha, anaifanyia kazi mitaa yetu bila malipo, na bado anapigwa mawe. Kama una picha inayomuonyesha alivyo, uso ule kama moyo, itume. Na ukiona watu wanampiga kinyonga mtaani, kabla ya kutoa simu jaribu kwanza kuongea nao.

Mnaposema "kumsumbua mnyama" mnamaanisha nini hasa?

Hapa tusikilizane vizuri. Kanuni yetu ni kwamba mnyama akibadilisha anachofanya kwasababu yako ya kutaka picha, ushamsumbua, na kama amekimbia, amefoka, amejikunyata, ameacha kula au ameacha watoto, picha haina nafasi hata ikiwa nzuri vipi. Watu wanauliza majaji watajuaje. Wanajua. Paka aliyebanwa kwenye kona masikio yamelala nyuma na mboni zimejaa jicho zima. Ndege aliyeko kwenye kiota akiwa na hofu anainuka nusu, mwili umenyooka kama fimbo. Mjusi aliyewekwa kwenye friji ili apoe asikimbie, ndio kuna watu wanafanya hivo kwasababu wameona kwenye mtandao, anakaa mkao ambao mjusi mzima hakai.

Viota tunavikataa kabisa. Sio kwamba kila anayepiga kiota ni mtu mbaya, ila ukishakata majani ili uone vizuri, kunguru naye ameona vizuri, na ukiondoka we na picha yako yeye anabaki.

Kulisha: kuku wako, mbwa wako, paka unayemjua, sawa. Tumbili usimlishe. Tumbili aliyezoea ndizi ya mkononi kesho anaingia jikoni kwa mtu, keshokutwa anawekewa sumu, na chanzo ni ile picha yako. Kaa wa minazi usimtoe shimoni mchana kwa ajili ya kumshika mkononi upige selfi, mchana ni muda wake wa kujificha. Kasa akipanda ufukweni usiku kutaga, kama kule pwani ya kusini ya Kigamboni, usimulike wala usimzungukie, anaweza kurudi majini bila kutaga. Na mnyama wa porini kumkamata na kumfuga bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwahiyo "nilimleta nyumbani nikampiga picha nikamrudisha" usituandikie.

Kama huna uhakika, rudi nyuma hatua kadhaa, kaa kimya, subiri. Mara nyingi mnyama akishakuzoea anaendelea na mambo yake na hapo ndo picha inakuja.

Mnyama aliyekaushwa au aliyefundishwa anaruhusiwa?

Hapana. Na msidhani ni utani, hata mashindano makubwa yamewahi kukutwa na hili. Lile la Wildlife Photographer of the Year la London, ambalo lipo tangu 1965, mshindi wa 2009 alinyang'anywa ushindi baada ya majaji kuona kwamba yule mbwamwitu wa Ulaya (wolf) anayeruka geti inaelekea alikuwa wa kufundishwa, na mwaka 2018 wakaifuta picha iliyoshinda kundi moja mwaka 2017 kwasababu yule mla mchwa alionekana ni wa kukaushwa, walimlinganisha na aliyeko kwenye onyesho mlangoni mwa hifadhi, manyoya na alama zikafanana. Kama kule imetokea basi na sisi tunakagua.

Wa kwenye bustani ya wanyama?

Ruhusa, ila uandike wazi kwamba yuko kwenye uzio. Ukificha tukagundua unatoka.

Kwetu usiku komba analia kama mtoto. Nitampataje bila fleshi?

Wengi wanawasikia, Mbezi, Oysterbay, Pugu, popote palipobaki miti mikubwa. Fleshi hapana. Macho ya komba yameumbwa kukusanya mwanga kidogo wa usiku, ukimpiga fleshi usoni kwa muda haoni vizuri, na yeye anaishi kwa kuruka tawi hadi tawi. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu, hata karatasi nyekundu ya pipi juu ya tochi inasaidia, mulika pembeni yake sio usoni, egemeza simu ukutani au kwenye tripodi. Picha itakuwa na chengachenga na sisi tunalijua hilo, jaji hatakukata kwa chenga za usiku. Kama mtaani kwenu bado kuna mgema, kaa jirani na mnazi wenye kibuyu, watu hawasemi bure "amelewa kama komba".

Nikikuta mnyama anateswa au ameumia nipige nitume?

Kwanza msaidie au tafuta wa kumsaidia, ofisi ya mifugo ya kata au daktari wa mifugo. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumpiga punda au kumbebesha kupita uwezo wake sio jambo la kawaida hata kama umelizoea kuliona. Picha kama ushahidi ipeleke kwa wahusika. Kwenye shindano hatuipokei, hatutaki mtu apate zawadi kwa maumivu ya mnyama. Picha za machinjioni pia hapana. Mnada wa mifugo ni sawa.

Mbwa akiniuma au paka akinikwaruza wakati napiga?

Acha picha. Osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, afu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama mbwa atakufa, usipake pilipili wala mafuta ya taa. Ugonjwa ule dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Mbwa usiyemjua, anayetoa mate sana au anayetembea anayumba, usimkaribie hata kwa picha ya dunia.

Kuna sehemu haziruhusiwi kupiga?

Ikulu, kambi za jeshi na polisi, bandarini, uwanja wa ndege. Ukiwa Feri kumbuka Ikulu ni jirani, elekeza kamera kwenye samaki na paka. Najua wale tausi wa Ikulu wanavutia, waache. Sokoni omba ruhusa kwa mwenye meza, salamu kwanza, "shikamoo mama, naomba nimpige picha huyu paka wako", nunua hata dagaa wa buku, utakaribishwa mpaka uchoke. Droni bila usajili na vibali vya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) hapana, na kuirusha juu ya ndege hai hapana hata ukiwa na vibali vyote.

Muda gani mzuri wa kupiga?

Saa 12 na nusu mpaka saa 2 na nusu asubuhi, na jioni kuanzia saa 10 na nusu. Saa 6 mchana jua la Dar liko utosini, mnyama anakuwa na kivuli cheusi machoni na we mwenyewe unaungua. Ukilazimika kupiga mchana mtafute aliye kivulini. Mvua za masika usizikimbie, ndo muda wa jongoo, vyura, konokono na kumbikumbi, na mwanga wa mawingu ni laini.

Nikitoka kwenye gari kamera inajaa ukungu, imeharibika?

Haijaharibika, ni kiyoyozi. Kamera imepoa, hewa ya nje ina joto na unyevu, unyevu unageuka matone madogo ya maji kwenye kioo. Iache kwenye begi dakika 10 hadi 15 ipate joto polepole. Usifungue lenzi wakati ina ukungu.

Mbwa wangu mweusi anatoka kijivu, yangeyange anatoka hana manyoya, kwanini?

Kamera inajaribu kuifanya kila picha iwe na mwanga wa kati. Akijaa mnyama mweusi inaongeza mwanga, mweusi anapauka. Akijaa mweupe inapunguza, anakuwa kama kijivu, na akiwa mweupe mdogo kwenye majani ya kijani kibichi au maji meusi inafanya kinyume, inamuunguza mpaka manyoya yanapotea. Kwenye simu gusa mnyama kwenye skrini afu buruta kile kijua juu au chini mpaka uone manyoya. Kwa ndege anayeruka wenye kamera anzieni 1/1000 ya sekunde. Na fokasi iwe kwenye jicho, kila kitu kingine kinaweza kufifia ila jicho hapana.

Kuediti mwisho wapi?

Kukata pembeni, mwanga, rangi kidogo, kuinyoosha, ruksa. Kuongeza au kutoa kitu hapana, hata kama ni mfuko wa plastiki pembeni. Uache ule mfuko, ndo Dar yenyewe. Picha iliyotengenezwa na akili mnemba inatolewa bila mjadala na tukikutilia shaka tutaomba faili la kwanza lilivyotoka kwenye kamera, kwahiyo usilifute.

Natumaje?

Picha 3 kwa mtu mmoja kwa msimu. Ukitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ubora unapotea. Andika mnyama gani, mtaa gani, na ilikuwaje, sentensi mbili tatu zinatosha. Jina la kitaalamu sio lazima, jina la mtaani linatosha, na kama hulijui sema hulijui tutasaidiana. Kwa komba wa msituni, kasa, au mnyama yeyote anayewindwa, zima lokesheni kwenye kamera na usiandike mahali penyewe hasa, "msitu wa Pugu" inatosha. Wawindaji nao wana simu.

Mshindi anapatikana kwa laiki?

Hapana. Laiki zinampa ushindi mwenye marafiki wengi. Majaji wanaona picha na maelezo bila jina, kila mmoja anatoa alama peke yake, afu ndo wanakaa pamoja kujadili zile za juu.

Zawadi ni nini na kwanini hamtoi hela?

Picha yako inachapishwa kubwa, inawekwa fremu, na nakala ya pili tunampa aliyekuruhusu kupiga, kama ni mwenye paka, mwenye punda au mama wa meza ya samaki. Hela tumekaa tukaamua hatutoi. Fedha ikiingia mtu atamfunga kinyonga uzi mguuni ili apate milioni, na hatuna uwezo wa kumlinda kila kinyonga wa jiji hili.

Mkichukua picha yangu inakuwa yenu?

Inabaki yako, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda wewe uliyepiga. Sisi tunaomba ruhusa ya kuionyesha kwenye shindano tu, na jina lako linakaa chini yake. Akija mtu wa kalenda au tangazo tunamleta kwako, mnaelewana wenyewe.

Sikai Dar, naweza kushiriki?

Picha iwe imepigwa Dar, isipokuwa lile kundi la hifadhini. We mwenyewe uwe unakaa Tanga, Mwanza au Muscat haina shida. Umekuja kwa shangazi Tabata siku mbili ukampiga bata wake? Tuma. Mwisho wa kupokea ni Jumapili ya mwisho ya mwezi saa 6 usiku, na mtandao siku ile unakuwa mzito, usisubiri saa 5 na dakika 50.